Utanashati wa sare: maana yake kwa anayejitolea

Mitaani Tanga, ukisikia fulani ni mtanashati, unamfikiria kijana aliyenyolewa vizuri, shati lake limepigwa pasi likasimama, na manukato yamefika kabla yake. Kwenye makundi ya vijana wanaovaa sare, kama vile skauti, neno hilohilo hubeba maana iliyo finyu zaidi: ni hali ya kuvaa sare iliyo safi, kamili, na kila kitu mahali pake, kwa kufuata kanuni ambazo mvaaji hakuzitunga mwenyewe. Manukato hayamo. Wa mtaani huvaa ili aonekane yeye. Wa gwarideni huvaa ili lionekane kundi.

Dhana hiyo haiachani na nidhamu, neno ambalo wengi hulisikia kama jina jingine la adhabu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kupanga vitu kwa utaratibu, kama shanga zinavyotungwa kwenye uzi. Kitenzi chetu nudhumu, yaani kutunga mashairi, ni cha ukoo huohuo. Mtu wa Tanga, ambaye Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 si mbali na kwake, hapaswi kusumbuka kuielewa picha hii. Mshororo wa shairi ukipungua mizani moja kati ya kumi na sita, mtunzi huonyeshwa mahali palipopungua, akaenda kuparekebisha. Hakuna anayemrusha kichura.

Mkaguzi hutazama vitu vidogo. Skafu iwe imekunjwa vizuri na ncha zake zilingane, shati liwe ndani ya suruali au sketi, vifungo vitimie, soksi zifanane, kucha ziwe fupi. Wakati wa masika kazi hii ni ngumu kuliko inavyosemwa, kwa sababu nguo iliyofuliwa Ijumaa huamka Jumamosi bado mbichi, na njia za Ngamiani huwa na madimbwi ambayo soksi nyeupe haiyavuki salama. Kanuni isiyojua hali ya hewa ya mji wake huishia kuwaadhibu wanaokaa mbali.

Kinachowatofautisha wanaojitolea na askari ni kwamba askari ana mkataba, mshahara na sheria ya kijeshi nyuma yake, ilhali kiongozi wa skauti na kijana wake wamekuja kwa hiari, na kwa hiari hiyohiyo wanaweza wasirudi. Ndiyo maana kanuni ya mavazi haina budi kuelezwa sababu yake. Robert Baden-Powell, aliyefanya kambi ya kwanza ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliitetea sare kwa hoja kwamba inaficha tofauti za hali na asili za watu. Hoja ni nzuri, lakini ina shimo: sare hununuliwa, na asiyeweza kuinunua huonekana zaidi siku ambayo wenzake wote wamevaa. Mimi naona kundi linaloanza na skafu peke yake, likaacha mengine yaje taratibu, limeielewa hoja hiyo kuliko linalomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya rangi ya suruali.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kukosea. Nilimtoa mstarini kijana aliyekuja na ndala, nikamuuliza mbele ya wenzake kama alikuwa anakwenda kuoga baharini. Walicheka. Jumamosi iliyofuata hakutokea, na rafiki yake akaniambia viatu alivyozoea kuja navyo vilikuwa vya kaka yake, ambaye siku ile alikuwa amevivaa kazini. Kanuni ya viatu ilikuwa sahihi, na bado nilikuwa nimevunja nidhamu mimi, si yeye. Siku hizi namwita mtu pembeni, lakini mahali tunapoonekana na wengine, namwambia kilichopungua, kisha namwachia ajirekebishe kwa mikono yake. Skafu ya mtoto siigusi pasipo ruhusa yake.

Swali la ndevu na unene huwasumbua zaidi watu wazima. Huko Marekani, Civil Air Patrol, shirika la wanaojitolea lililoanzishwa Desemba 1941 na lenye makadeti vijana, limelijibu kwa namna ya kupendeza: mtu mzima mwenye ndevu, au aliyezidi uzito uliowekwa kwa sare ya mtindo wa jeshi la anga, haondolewi, bali huvaa sare nyingine ya shirika, ya shati jeupe na suruali ya kijivu. Kanuni imebaki, na mtu amebaki. Kwetu pwani, ambako ndevu kwa wengi ni sunna na hijabu ni stara, jibu la namna hiyo lina maana kuliko wembe. Hina ya harusi nayo haifutiki kwa amri; huisha yenyewe.

Upande mmoja hauna majadiliano: sare ya kujitolea isifanane na ya jeshi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi, na kiongozi anayevaa kombati ili vijana wamwogope anajitafutia kesi.

Heshima nayo ina mikono miwili. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, na pwani kumpa mzee mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Kwa hiyo anayemvisha mgeni skafu kwenye mapokezi ya Mwenge wa Uhuru afundishwe mapema: saluti ya vidole vitatu, kisha, kama mgeni si skauti, mkono wa kulia na shikamoo yake.