Hati ya shamba haikupi mto

Wakulima wengi wa Tanzania huamini kwamba mwenye hati, iwe ya serikali au ya kimila, anaweza kulima mpaka maji yanapoanza. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli yoyote ya kudumu, au inayoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Hati haiondoi katazo hilo.

Mita 60 si haba. Ekari ya hatua 70 kwa 70, inayopakana na mto kwa upande mmoja, karibu yote imo ndani ya eneo hilo, na wanunuzi wengi hugundua wakishalipa. Pima kabla ya kununua, kuanzia ukingo wa mto. Ukianzia kwenye maji wakati wa kiangazi utajidanganya.

Maji nayo ni mali ya umma. Ya kunywa na kupikia huchotwa bila kibali. Pampu ya kumwagilia shamba la biashara inahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde (chombo cha serikali kinachosimamia maji ya bonde la mto husika), hata ikiwekwa nje ya mita 60.