"Amechoka tu, mwacheni apumzike": maswali kuhusu mbio za kasi kwenye joto la Mtwara

Kila mwaka joto linapopamba moto, kuanzia Novemba hivi, uwanja wa Nangwanda Sijaona na barabara za kuelekea Shangani hujaa wakimbiaji. Wapo vijana wanaojiandaa na usaili wa majeshi, wapo kina mama na kina baba wa vikundi vya jogingi. Nafurahi kuwaona. Kinachoniuma ni wale wanaozidiwa na joto, wakaletwa kwetu hospitalini baada ya kulazwa kivulini nusu saa nzima kwanza.

Mazoezi ya vipindi ni yapi?

Unakimbia kwa kasi, unapunguza, unarudia. Kwa mfano, mita 400 mara sita, na kila baada ya raundi unatembea dakika mbili. Pasha mwili robo saa kwanza. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Ni mazoezi mazuri kwa moyo na mapafu, sina ugomvi nayo.

Kwa nini joto la huku kwetu linawazidi wakimbiaji?

Misuli ikifanya kazi kwa nguvu huzalisha joto, na mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho linadondoka chini bila kukauka, na jasho la namna hiyo halikupozi. Ukikimbia saa nane mchana unajiongezea moto mwenyewe. Kimbia alfajiri, au subiri jua lipoe kabisa. Kama umetoka mikoa ya baridi, nenda taratibu wiki mbili za mwanzo, mwili uzoee.

Nikivaa koti la mvua au mfuko wa nailoni, si nakata mafuta haraka?

Hapana. Unachopoteza ni maji, na ukinywa maji uzito unarudi palepale. Nilipokea kijana aliyefungwa zipu mpaka kidevuni. Nilipoifungua, jasho lilinimwagikia viganjani likiwa la moto kama chai, na fulana ya ndani ilikuwa imemganda mgongoni. Rafiki zake walisema walimwacha apumzike kwa kuwa "alikuwa anachoma mafuta". Tafadhali, vueni hayo makoti.

Mwenzetu ameanguka raundi ya tano na anaongea maneno yasiyoeleweka. Si uchovu?

Si uchovu. Aliyechoka anakaa chini, anahema, anakujibu jina lake na siku ya leo. Anayeyumba kama mlevi, anayegombana na wanaomsaidia, asiyejua yuko wapi, au aliyezimia baada ya kukimbia kwenye joto, mhesabu kuwa amepata kiharusi cha joto. Mwili wake huenda umevuka nyuzi 40, na kila dakika inaumiza ubongo, ini na figo. Msimwache apumzike.

Lakini bado anatoka jasho, ngozi haijakauka.

Hata hivyo si uchovu. Mkimbiaji anaweza kulowa chapachapa na bado akawa na kiharusi cha joto. Kipimajoto cha kwapani nacho kinaweza kusoma chini kuliko joto la ndani. Tazameni akili yake.

Wazee wanasema amepandisha majini.

Nawaheshimu wazee wangu, na dua ina nafasi yake. Ila dua isomwe huku maji yanamwagwa. Wanaocheleweshwa kwa sababu hii nawapokea kila msimu, na inaniumiza kwa sababu maji yalikuwa bombani, hatua ishirini kutoka pale.

Basi tufanye nini?

Pozeni kwanza, hapohapo. Mvueni nguo na viatu. Mkiwa na beseni kubwa au pipa, mwingizeni ndani ya maji baridi, shingo na kichwa vibaki nje, mtu amshike muda wote. Hamna? Mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma na mpepeeni kwa kanga. Kwa muuza samaki kuna barafu, ombeni, msione haya. Mwekeeni kwapani, shingoni na kwenye kinena. Wakati huohuo mmoja aite gari. Lengo ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Akitapika au akizimia, mlazeni ubavu. Msimnyweshe chochote akiwa amechanganyikiwa, atapaliwa.

Tumpakie bodaboda, katikati ya watu wawili?

Msifanye hivyo. Kichwa kinaninginia, hewa haipiti vizuri, na hakuna anayemmwagia maji. Tafuteni bajaji au gari, mwende naye na ndoo ya maji, mkiendelea kumpoza njia nzima mpaka hospitali ya Ligula au kituo cha afya kilicho karibu.

Panadol itashusha joto?

Haisaidii. Hii si homa ya malaria. Na wale mnaomeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kabla ya mazoezi ili goti lisiume, mnaziweka figo zenu hatarini mwili ukiwa umepungukiwa maji.

Amezinduka na anacheka. Amalizie raundi iliyobaki?

Hapana! Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea mwenyewe, kwa sababu ini na figo vinaweza kuonyesha madhara kesho yake. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi, misuli imeumia vibaya. Arudi hospitali hata kama ni usiku wa manane. Mbio ataanza tena daktari akimruhusu, asubuhi na mapema, akiwa na fulana nyepesi na mwenzake pembeni.