Njia za baiskeli zinazofuata maji, kusini mwa Moshi

Mgeni anayeniuliza njia ya baiskeli isiyo na magari karibu na Moshi kwa kawaida huwa ameshautazama Mlima Kilimanjaro, na akilini mwake njia hiyo inapanda kuelekea Kibosho, Machame au Marangu. Mimi humwelekeza upande wa pili, kwenye tambarare ya mpunga inayoanzia Mabogini na kuendelea hadi Chekereni, Oria na Kahe. Barabara za mlimani zinaunganisha watu na masoko, hospitali na shule, kwa hiyo bodaboda na vipanya havikosekani humo tangu alfajiri. Za tambarareni, nyingi zilichongwa ili kuhudumia maji, na maji hayapandi daladala. Katika kazi yangu ya kuwaongoza waendesha baiskeli huku, nimeona kwamba anayejua maji yanapita wapi na lini anahitaji ramani mara chache sana.

Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa ufadhili wa Japani. Ulisanifiwa kwa eneo la hekta 2,300 hivi, ambapo karibu hekta 1,100 zilikusudiwa kilimo cha mpunga, na maji yake yanatoka katika mto Rau na chemchemi za Njoro. Mfereji mkuu unagawanyika katika mifereji midogo hadi kufika kwenye majaruba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, na kando ya mifereji mikubwa kuna barabara ya changarawe ambayo watunza mifereji huitumia kukagua malango ya maji na kuondoa tope. Kwa mwendesha baiskeli barabara hizo zina sifa moja ambayo haipatikani kwingine mkoani: kwa kuwa mfereji lazima uteremke taratibu, bila kuruka wala kukatika, barabara iliyo kwenye ukingo wake nayo huteremka hivyo hivyo, na mtu anaweza kukanyaga kwa muda mrefu bila kubadili gia.

Hata hivyo, si kila mfereji unaochorwa kwenye ramani una maji. Mpunga wa mradi ulipoanza kuleta faida, wakulima walio juu ya banio, yaani mahali maji ya mto yanapoelekezwa mferejini, nao walianza kuulima kwa kutumia mito ile ile, na maji yanayofika chini yakapungua kiasi kwamba sehemu ya eneo lililosanifiwa hukosa zamu ya maji. Jambo hili linamgusa mwendesha baiskeli moja kwa moja. Mfereji wenye maji hufyekwa na kutunzwa, kwa hiyo barabara yake inapitika. Mfereji mkavu hauna wa kuushughulikia, barabara yake huvamiwa na migunga michanga na mbigili, na huko ndiko pancha nyingi hutokea. Kabla ya kuondoka mjini huwa ninampigia simu mkulima wa eneo husika na kumuuliza zamu ya maji iko wapi wiki hiyo. Jibu lake hunisaidia kuliko picha yoyote ya setilaiti.

Udongo nao una tabia zake. Karibu na mji kuna udongo mwekundu wa volkano, ambao hata ukilowa hukauka upesi na kushikamana vizuri. Ukishuka zaidi unakutana na mfinyanzi mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu, lakini ukipata mvua hunata kwenye tairi, hujaa kati ya gurudumu na fremu, na baada ya mita chache baiskeli haizunguki tena. Wakati huo hakuna ufundi unaosaidia isipokuwa kuibeba. Kuelekea Kahe yapo maeneo yenye chumvi na magadi, yanayotambulika kwa weupe wake juu ya ardhi. Hayo yakikauka hutoa vumbi laini lenye kuwasha macho, na yakilowa huteleza vibaya. Kwa sababu hizo simwongozi mtu yeyote huko katikati ya masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli ninabaki kwenye barabara zilizomwagwa moramu.

Kuhusu baiskeli yenyewe sina masharti mengi. Baiskeli maalumu ya changarawe ni nzuri, lakini baiskeli ya milimani iliyotunzwa inatosha kabisa, mradi tairi ziwe na upana wa milimita 40 au zaidi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni upepo mwingi. Mafundi wa mtaani wamezoea baiskeli zinazobeba magunia na ndizi, hivyo huzijaza tairi mpaka zinakuwa ngumu kama jiwe, na tairi ya namna hiyo hurukaruka juu ya kokoto na kuchosha mikono. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya milimita 40 anahitaji upepo wa pauni 40 hivi kwa inchi ya mraba (psi), na akiwa anatumia tairi isiyo na tyubu anaweza kushuka hata chini ya 35. Ninaipendelea hii ya pili kwa sababu ya mbigili: dawa ya kuziba iliyomo ndani hufunga tundu dogo yenyewe huku mtu akiendelea na safari. Mwenye tyubu na abebe mbili za akiba, viraka, gundi na pampu, kwa kuwa fundi wa karibu anaweza kuwa kijiji cha pili.

Kalenda ya mpunga ndiyo inayoamua kama njia itakuwa kimya. Wakati wa kuchavanga, yaani kuvuruga udongo wa jaruba ndani ya maji kabla ya kupanda, pawatila (trekta ndogo za mkono) hupita huku na huko na kumwaga matope barabarani. Baada ya kupandikiza miche hufuata kipindi kizuri kuliko vyote, kwa kuwa shughuli hupungua, maji yamesimama katika majaruba, na yangeyange na korongo wametapakaa kila upande. Mpunga ukianza kukomaa huja kwelea kwelea, ndege wadogo wanaokula nafaka, na pamoja nao watu wa kuamia ndege, ambao hupiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo. Ni vyema kuwasalimu kwa sauti ukiwa bado mbali. Wakati wa mavuno malori hufika kuchukua magunia, na mpunga huanikwa kwenye maturubai hata barabarani. Hapo mwendesha baiskeli hushuka na kusukuma, akizunguka pembeni. Nimewahi kusikia mtu akilalamika kwamba njia ilikuwa imezibwa. Njia hiyo ni ya wakulima, sisi tunapita tu.

Upande wa magharibi na kusini yako mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC, Arusha Chini. Barabara zake zimenyooka na zinavutia, lakini ni mali ya kampuni, na nyakati za kuvuna trekta zenye matela marefu hupita humo, kwa hiyo usiingie bila ruhusa. Msitu wa Rau, ulio karibu kabisa na mji, ni hifadhi ya serikali inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio hulipwa kabla ya kuingia. Msitu huo unaishi kwa maji ya ardhini, na ndani yake kuna miti mirefu ya msoo, ambayo duniani hupatikana sehemu chache tu, pamoja na mbega wanaoruka juu ya vichwa vya wapitao. Ninapenda kuanzia hapo asubuhi, kwani kivuli chake huchelewesha joto.

Kuhusu mito yenyewe, usivuke kwa miguu na usioge katika mfereji hata ukiwa umeungua na jua, kwa sababu kichocho kipo katika maji ya aina hiyo. Mamba nao wapo huko chini, ambako mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Jambo lingine ni kwamba mto Rau unaweza kujaa wakati wewe uko juani, kwa kuwa mvua imenyesha mlimani. Maji yakibadilika rangi na kuwa ya kahawia, tafuta daraja.

Kahe ni mahali pazuri pa kugeuzia, karibu na reli ya Tanga, ambayo treni za abiria zilirudi kuitumia mwaka 2019. Kutoka hapo kurudi Moshi ni kupanda, kidogo kidogo lakini bila kukoma, na jua huwa limeshakuwa kali. Jaza maji ya kunywa Kahe, usisubiri Mabogini.