Yoga kwa Mgonjwa wa Moyo Aliye Katika Utengamao: Maswali na Majibu

Mtu aliyepata mshtuko wa moyo, aliyewekewa stenti (kibomba kidogo cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi) au aliyepasuliwa moyo huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na dawa, tarehe ya kliniki na, mara nyingi, hofu ambayo hakuna aliyeiandika kwenye faili lake. Majibu yafuatayo ni kwa ajili yake na kwa wanaomuuguza, nayo hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayeijua hali yake.

Utengamao wa moyo ni nini, na yoga inaingia wapi?

Ni mpango wa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake hatua kwa hatua, chini ya uangalizi, kwa mazoezi yaliyopimwa, elimu ya dawa na lishe, kuacha tumbaku na msaada wa kisaikolojia. Huanzia wodini, mgonjwa anapoketi kitandani na kutembea hatua chache. Huendelea kliniki kwa wiki kadhaa, mara nyingi 12. Kisha huwa sehemu ya maisha ya nyumbani. Yoga huongezwa baada ya hali ya mgonjwa kutulia. Inayozungumziwa hapa ni mikao myepesi ya kunyoosha viungo, upumuaji wa taratibu na mapumziko ya mwisho, wala si ile ya kujipinda na kusimama kwa kichwa ambayo watu wengi wameiona pichani.

Je, nikifanya yoga ninaweza kuacha kutembea, au kupunguza dawa?

Hapana, na hapa hakuna nafasi ya kulegeza kamba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mikao mingi ya yoga nyepesi haiusukumi moyo kufikia kiwango hicho kama kutembea kwa haraka kunavyofanya. Kuhusu dawa, aliyewekewa stenti akiacha bila idhini dawa za kuzuia damu kuganda, stenti inaweza kuziba ghafla na kumletea mshtuko mwingine unaoweza kumuua. Ikiwa shinikizo la damu limeshuka baada ya wiki nyingi za mazoezi, anayepunguza dozi ni daktari.

Utafiti unasema nini hasa?

Utafiti mkubwa zaidi katika suala hili ulifanyika India katika vituo 24 vya tiba, ukahusisha wagonjwa 3,959 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Kundi moja lilipewa vikao 13 vya yoga pamoja na mazoezi ya nyumbani; kundi la pili lilipewa ushauri wa kitaalamu bila yoga. Katika vifo, mishtuko mipya, kiharusi na kulazwa kwa dharura, tofauti kati ya makundi hayo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu. Hata hivyo, waliofanya yoga walijiona wana afya nzuri zaidi kidogo, na walirudi vizuri zaidi kwenye shughuli walizokuwa wakizifanya kabla ya kuugua.

Anayetangaza kwamba yoga huzibua mishipa ya moyo au huzuia kifo anasema jambo ambalo utafiti huo haukulionyesha. Lakini mgonjwa aliyekuwa akiogopa hata kupanda ngazi, akaweza tena kufanya kazi zake, amepata faida ambayo haipaswi kubezwa. Yoga ina uzito mwingine pia: haihitaji mashine, hivyo inaweza kumfikia mgonjwa ambaye hospitali yake haina chumba cha mazoezi ya moyo.

Kupumua taratibu kunausaidiaje moyo?

Moyo hupokea amri kutoka pande mbili za mfumo wa neva usioongozwa na hiari. Upande mmoja huuharakisha na kupandisha shinikizo la damu wakati wa hatari. Upande wa pili, unaopitia neva kubwa iitwayo vagasi, huutuliza. Kwa wagonjwa wengi wa moyo upande wa kwanza huwa umetawala kwa muda mrefu, jambo linalouchosha moyo ambao tayari umedhoofika. Unapotoa pumzi, mapigo hupungua kasi kidogo, na unapovuta, huongezeka. Ndiyo maana pumzi ya kutoka ikirefushwa, upande wa utulivu hupata nguvu. Aidha, kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani kuna vihisio vinavyopima shinikizo la damu na kuuarifu ubongo, na upumuaji wa polepole huvisaidia kufanya kazi hiyo kwa ufanisi zaidi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua takribani mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika yoga ya utengamao hulengwa mara 6 hivi. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikiwa zimegusa sakafu yote, weka kiganja kimoja juu ya tumbo, vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi 4 na tumbo likiinua kiganja, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Dakika 5 zinatosha kwa kuanzia. Mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, ambaye huishiwa pumzi upesi, asilazimishe hesabu hiyo; aanze na pumzi fupi anazozimudu na kuzirefusha kadiri siku zinavyokwenda. Pumzi isibanwe kabisa katikati.

Ninahofia kwamba yoga inagongana na imani yangu. Je, nifanyeje?

Faida zilizoelezwa hapo juu zinatokana na mwendo wa viungo na pumzi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima wenye afya, uliolinganisha kusali rozari kwa Kilatini na kutamka maneno ya yoga, na ikaonekana kwamba yote mawili yalipunguza upumuaji hadi mara 6 hivi kwa dakika na kuimarisha udhibiti wa shinikizo la damu. Unaweza basi kufanya zoezi hili kimya, au kwa dua yako mwenyewe.

Nimepasuliwa kifua. Nianze lini?

Upasuaji wa moyo uliofungua kifua huacha mfupa wa kidari ukiwa umeunganishwa kwa nyaya, nao huhitaji takribani wiki 6 hadi 12 ili uunge vizuri. Katika kipindi hicho usiegemeze uzito wa mwili mikononi, usivute mabega nyuma kwa nguvu na usijinyanyue kitandani kwa kusukuma kwa mikono. Kinachowezekana ni kupumua ukiwa umeketi, kuzungusha vifundo vya miguu, na kugeuza shingo taratibu. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto kifuani. Mikao ya kulala kifudifudi na ile ya kujiinua kwa mikono isubiri ruhusa ya daktari aliyekupasua.

Aliyewekewa betri ya moyo, yaani kifaa cha kurekebisha mapigo, huelekezwa asiinue juu ya bega mkono wa upande huo, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6, ili nyaya zisichomoke. Aliyewekewa stenti peke yake huweza kuanza mapema zaidi, maadamu kidonda cha mkononi au kinenani, mahali stenti ilipopitishiwa, kimepona na daktari ameridhika.

Ni mambo gani niyaepuke hata baada ya kupona?

Epuka mikao inayoweka kichwa chini ya moyo, upumuaji wa haraka wa kusukuma tumbo kwa nguvu, kubana pumzi huku umekaza misuli, na madarasa yanayofanyika katika vyumba vilivyopashwa joto. Usibaki muda mrefu katika mkao unaokaza mikono au mapaja, kwa kuwa misuli ikikazwa bila kusogea hupandisha shinikizo la damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajihadhari sana na kuanguka. Afanyie mikao ya kusimama karibu na ukuta.

Dawa nyingi za moyo hushusha shinikizo, na hatari yake hujitokeza wakati wa kuinuka. Ukimaliza mapumziko ya chali, geukia ubavu, vuta pumzi kadhaa, keti, subiri hadi kichwa kitulie, ndipo usimame ukiwa umeshika kiti. Ambaye hawezi kulala chali bila kukosa pumzi apumzike akiwa ameegemea mito, na amwarifu daktari ikiwa siku hizi anahitaji mito mingi kuliko awali.

Wanaotumia dawa za kundi la beta-bloka wasitegemee kuhesabu mapigo ili kujua wamejichosha kiasi gani, maana dawa hizo huyazuia yasipande. Kipimo bora ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza.

Nimweleze nini mwalimu?

Mweleze ugonjwa wako, tarehe ya upasuaji au mshtuko, dawa unazotumia, na mambo ambayo daktari amekukataza. Mwalimu anayekujibu kwamba yoga haina madhara kwa yeyote, au anayekuhimiza uvumilie maumivu, hakufai.

Nikihisi nini niache mara moja?

Acha ukihisi kifua kubana, kuuma au kuelemewa, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, pumzi ikikatika, jasho la baridi, kizunguzungu, au moyo ukienda mbio bila mpangilio. Keti. Tumia dawa ya kuweka chini ya ulimi iwapo uliandikiwa, kama ulivyoelekezwa. Maumivu yasipoisha ndani ya dakika 5 hivi, au ukizidiwa kabla ya hapo, omba msaada wa dharura na usijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali. Uzito ukiongezeka kwa takribani kilo 2 ndani ya siku 3, au miguu ikivimba, sitisha mazoezi na uonane na daktari kabla ya kikao kinachofuata.