Je, wajua kwa nini gari huchemsha hata rejeta ikiwa imejaa maji?

Asubuhi rejeta ilijazwa mpaka shingoni. Jioni, gari likipanda Waiyaki Way kwenye foleni ya kuelekea Uthiru, sindano ya joto inaanza kupanda nayo. Dereva anaegesha kando, anangoja injini ipoe, anafungua kifuniko na kukuta maji bado yapo. Sasa kilichochemka ni nini?

Mara nyingi ni hewa iliyonaswa. Rejeta kujaa si hoja, kwa sababu injini ina vijia vyake vyembamba vya maji vinavyozunguka silinda na kupanda hadi silinda hedi, yaani kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Ukibadilisha paipu au kumwaga maji ya zamani kisha ukajaza kwa pupa, hewa hukimbilia juu na kujibana huko, hasa kwenye hedi na kwenye hita ya kupasha joto ndani ya gari, ambazo katika magari mengi ziko juu kuliko rejeta. Pampu ya maji haiwezi kuitoa. Mapanga yake yameundwa kurusha maji, na yakikutana na hewa yanazunguka bure. Halafu lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa, kwa hivyo palipo na hewa chuma hakina cha kukipoza. Ubaya zaidi, kihisio cha joto kikizungukwa na hewa badala ya maji kinaweza kumwonyesha dereva kwamba mambo ni shwari ilhali hedi inaungua. Njia rahisi ya kupima ni kuwasha hita injini ikiwa imeshapata moto. Ikipuliza baridi wakati sindano iko katikati au imepita, shuku hewa.

Nairobi nayo ina shida yake. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Ukipanda Limuru zinapungua tena. Thamostati, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, katika magari mengi ya Kijapani huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au karibu na hapo, na feni ya umeme hungoja mpaka nyuzi tisini na kitu. Mfumo ungekuwa wazi, basi maji yangetokota kabla feni haijafanya kazi yoyote ya maana. Kinachotuokoa ni kile kifuniko cha rejeta, kinachofanya kazi kama sufuria ya presha. Namba 0.9 au 1.1 iliyochapishwa juu yake ni presha, kwa kilo kwa sentimita mraba, ambayo springi inashikilia kabla ya kuachilia. Kikiwa kizima, maji ya Nairobi hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Mpira wake ukichanika, faida hiyo yote inapotea. Utaona mtu amenunua rejeta mpya Kirinyaga Road kisha akairudishia kifuniko kilekile kilichokauka mpira! Na ndiyo sababu hakifunguliwi injini ikiwa moto: presha ikishuka ghafla, maji yenye nyuzi zaidi ya mia hugeuka mvuke papo hapo, na uso wako uko juu yake.

Dawa ni kusafisha mfumo wa maji, kisha kuujaza upya bila kunasa hewa. Kusafisha kwenyewe hakuna siri. Injini iwe imepoa kabisa. Fungua koki iliyo chini ya rejeta, kinga kwa beseni, kisha hamishia kwenye jerikeni. Usiyamwage mtaroni. Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, nyingi zina glaikoli, sumu yenye ladha tamu ambayo mbwa na hata mtoto anaweza kuilamba. Jaza maji safi, weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini mpaka paipu ya juu ya rejeta ipate moto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia hadi maji yatoke bila rangi ya kutu. Usiharakishe kumimina maji baridi kwenye injini moto, hedi hupinda.

Cha kujazia ni mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa madini, yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri pia huuzwa. Nairobi haina barafu, ila kulanti inazuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Kuiweka tupu bila maji si ujanja, kwani glaikoli peke yake hubeba joto kidogo kuliko maji.

Sasa hewa. Egesha gari pua ikitazama juu, hata mwinuko wa geti la ploti unatosha, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vingine. Mimina polepole kwa faneli. Kama injini yako ina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze mpaka itoe maji matupu. Kisha washa, kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto, na ubinye paipu ya juu mara kwa mara kabla haijawa moto. Mapovu yatapanda, maji yatashuka, utaongeza. Thamostati ikifunguka, usawa hushuka ghafla. Yenyewe ina kijipini kinachochezacheza kwenye tundu dogo: ndiyo njia ya kutokea hewa, na thamostati hufungwa kwenye injini kijipini kikiwa upande wa juu. Mafundi wengine huing'oa kabisa thamostati ili "gari lisichemshe". Sikubaliani nao. Injini huzunguka ikiwa baridi, hasa asubuhi za Julai, na kula mafuta zaidi.

Funga kifuniko, zungusha gari mtaani, liache lipoe usiku kucha. Likipoa, rejeta huvuta maji kutoka kwenye kopo la akiba, hivyo asubuhi ongeza kopo hadi alama. Magari ya haibridi kama Prius yana mzunguko wa pili wa maji wa kupoza inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, wenye utaratibu wake.

Na mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma hata baada ya thamostati kufunguka, hiyo si hewa iliyoingia wakati wa kujaza tena. Ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, na hapo beseni na faneli hazitasaidia.