Usiku wa vyura, mchana wa mayai

Wengi wanaotaka kuona amfibia (wanyama kama vyura, wa majini na nchi kavu) wa madimbwi ya msituni, mashariki mwa Marekani na Kanada, hulenga usiku mmoja: ule wa mvua ya kwanza isiyo na baridi kali, theluji ikiyeyuka, joto likipanda kupita nyuzi 5 hivi. Salamanda, amfibia wenye umbo la mjusi, weusi wenye madoa ya njano, hutoka ardhini kwa wingi na kwenda majini. Ni usiku mtamu, siwalaumu. Ila ukitaka kujua hali ya dimbwi, rudi mchana, wiki moja au mbili baadaye, uhesabu mayai.

Salamanda wazima hukaa majini siku au wiki chache tu, kisha hurudi chini ya majani na magogo. Vyura wa msituni nao wana haraka. Majira ya baridi wamelala chini ya majani makavu, na baridi ikizidi huganda, moyo husimama, sukari inayotoka kwenye ini ikilinda seli zao. Wakiyeyuka huwahi dimbwini hata kabla barafu haijaisha. Madume huita kwa sauti utakayodhani ni ya bata, ukisogea, kimya. Simama tuli, wataanza tena.

Mayai hayakimbii. Ya chura hutagwa karibu na uso wa maji, mafungu mengi mahali pamoja, na kila fungu lina sura ya vinundu kwa sababu hakuna ute wa ziada unaolifunika. La salamanda limevikwa ute mzito, laini kwa nje, mweupe au angavu, na mara nyingi limeshika kijiti. Baada ya muda hugeuka kijani: ni mwani unaoishi ndani ya mayai, na mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba mwani huo huingia hadi ndani ya seli za kiinitete. Jambo hilo bado hunishangaza.

Chura jike hutaga fungu moja kwa msimu, hivyo idadi ya mafungu ni idadi ya majike. Kwa salamanda usifanye hesabu hiyo, maana jike mmoja hugawa mayai yake katika mafungu kadhaa. Vaa miwani ya kukata mng'ao wa maji, tembea ukingoni, usiyainue mayai. Na kabla ya kwenda dimbwi jingine, safisha mabuti kwa dawa ya kuua vijidudu, yakauke kabisa. Kuvu na virusi vinavyoua amfibia husafiri kwa matope.

Madimbwi haya hukauka kiangazi, ndiyo maana hayana samaki wa kula mayai. Lakini viluwiluwi wa chura huhitaji takriban miezi miwili au zaidi kuota miguu, na watoto wa salamanda huchelewa zaidi. Kwa hiyo kwenye daftari langu kuna safu ya pili kando ya idadi ya mayai: tarehe maji yalipokwisha.