Fungu la kumi halisafishi matumizi ya hovyo

Mwalimu wa Isevya, Tabora, analipwa malimbikizo ya mshahara ambayo alishayakatia tamaa: shilingi 3,000,000. Jumapili anatoa 300,000, roho inatulia. Hizo 2,700,000 anazihesabu kuwa zake, azitumie apendavyo, kwa kuwa "ya Mungu nimeshatoa". Hapo ndipo penye kosa. Zaburi 24:1 inasema vyote vilivyomo duniani ni vya Bwana. Sisi ni mawakili tu, yaani wasimamizi wa mali yake, hata ya ile iliyobaki.

Kwanza, pesa ikae benki wiki mbili bila kuguswa. Isikae kwenye simu. Huko inachomolewa elfu kumi kumi mpaka ikauke, na hutakumbuka ilikwenda wapi.

Kisha deni. Kama kuna mkopo wa mtaani wa 600,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi 120,000 zinapotea na deni halijapungua hata senti. Hakuna biashara ya asali au mchele inayokimbia kuliko hiyo riba, kwa hiyo lipa lote na udai kadi yako ya benki uliyoweka rehani (wengi huisahau!).

Zinabaki 2,100,000. Nyumba ikila 250,000 kwa mwezi, tenga 750,000 za miezi mitatu. Kwa 1,350,000 zilizosalia, fuata Luka 14:28: piga gharama kabla ya kujenga. Msingi bila hela ya matofali huota nyasi.

Ndugu watapiga simu. Wapangie kiasi mapema, kiandike.